Mashua Iliyokuwa Paa la Jiko

Kwa miaka kumi na minane Assani hakuwahi kuingia katika jiko la mama mkwe wake, ingawa ukuta wa jiko hilo ulikuwa hatua tisa tu kutoka mahali alipoweka cherehani yake. Adabu ya ukwe ilikuwa hivyo pale Baraka, mji wa kando ya ziwa. Mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, halitaji jina lake, naye mama halitaji la mkwe. Na wakikutana uani, mmoja hugeukia kando mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno la kuambiana, walilipitisha kwa Waridi, aliyekuwa mke wa mmoja na mtoto wa pekee wa mwingine.

"Waridi, muambie bwana yako mvua inakuya, aondoe nguo za batu inje."

Na Assani, aliyekwisha kusikia maneno yote, alingoja Waridi ayarudie, ndipo akainuka.

Alichokijua vizuri cha jiko lile ni paa lake. Kila alipoinua macho kutoka kwenye sindano aliliona: mashua nzima, imepinduliwa, mkuku, ule mti wa chini kabisa, ukitazama mbinguni, imekaa juu ya nguzo nane kama mnyama mkubwa aliyelala kifudifudi. Asubuhi na jioni moshi ulipenya kwenye nyufa zake, ukapanda taratibu kuelekea milimani, hata mtu aliyetoka usingizini angedhani mashua inapumua.

Ilikuwa mashua ya marehemu Saleh, baba yake Waridi, nahodha aliyevuka ziwa Tanganyika mara nyingi mpaka Ujiji akipeleka ndagala, dagaa wa ziwani, wakavu na kurudi na chumvi. Saleh alikufa kwa homa, kitandani mwake, mwaka mmoja kabla Waridi hajaolewa. Na juma lile lile la arusi, hina ikiwa bado mikononi mwa bibi arusi, mama mkwe, ambaye jina lake ni Asha, aliwaita wanaume wa mtaani wakaipandisha mashua kutoka ufukweni, wakaipindua, wakaiweka juu ya jiko ambalo upepo ulikuwa umeliezua.

Assani hakulisahau jambo lile. Yeye alikuwa mtu wa milimani, wa Fizi, ambako ziwa huonekana kwa mbali kama utepe wa buluu ulioanguka chini. Alizaliwa akaitwa Anatole. Jina la Assani alilipata alipoingia dini ya mkewe. Alishuka Baraka na cherehani, mkasi na futi, na tangu siku hiyo hakuwa amekanyaga chombo chochote cha majini. Kuogelea hakujua. Maji hayakuwa na njia, hayo ndiyo aliyoyachukia. Mtu anaenda wapi mahali pasipo na njia? Kwa hiyo alipoiona mashua ikipinduliwa juma la arusi yake, alielewa, au alidhani ameelewa: mama mkwe alitaka baharia, akapata fundi cherehani, basi anauonyesha mji mzima kwamba nyumba hii haina tena mwanaume wa kuishusha mashua majini. Hakumwambia mtu, hata Waridi. Alilimeza neno hilo, na likakaa tumboni miaka yote.

Mwanzoni mwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita, mzungu wa usafi alipita mtaani na karani wake, akitazama visima, vyoo na majiko. Alisimama mbele ya jiko la Asha kwa muda mrefu, kofia mkononi. Kisha akasema kitu kwa Kifaransa, na karani akakitafsiri: jiko hili linaziba moshi, linakaribisha panya, na linavunja mstari wa nyumba. Lijengwe jingine la matofali. Hicho kitu kilicho juu kiondolewe kabla mwezi haujaisha.

Karani alipokwisha kuondoka, sauti ilitoka jikoni.

"Waridi, muambie bwana yako, hii mashua hatapasula kuni. Akipasula, anipasule na mi pamoja."

"Muambie mama," Assani akajibu, macho yake kwenye kitambaa, "sikusema nitapasula."

Wanaume kumi na wawili waliishusha siku ya Jumamosi. Walipoigeuza, ikakaa sawa juu ya magogo mawili katikati ya uwanja, na watu wakasogea kutazama ndani. Ndani ilikuwa nyeusi, lakini si weusi wa uchafu. Moshi wa miaka kumi na minane, wa bugali, wa sombe ya majani ya mihogo, wa samaki na maji ya kumkandia mzazi, ulikuwa umeipaka ikang'aa kama satini. Mwavita, binti yao wa miaka kumi na sita, aliyezaliwa mwaka habari za vita zilipofika, alipanda bila kuuliza, akakaa kwenye ubao wa katikati.

"Mama, baba, kuyeni! Ni kama kukaa ndani ya usiku."

Waridi akapanda, akakaa karibu naye. Assani alibaki chini. Aliweka vidole kwenye ukingo wa mashua kama anavyogusa kitambaa kabla ya kukinunua, na akastaajabu jinsi mbao zilivyokuwa ngumu na laini kwa pamoja.

Isidore, seremala aliyekuwa akitengeneza viti vya misheni, aliizunguka akigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Aligonga mara nyingi. Mwishowe akacheka peke yake.

"Hii mbao iko nguvu kuliko ya kanisa," alisema. "Moshi njo imeilinda. Badudu habakuipenda. Zimeoza mbao tatu tu, huku chini karibu na mukuku, fasi mvua ilikuwa inaingilia."

Hakuna aliyesema, "Haya, tuitengeneze." Lakini Asha, amesimama mlangoni kwake amegeuza uso upande, alimwambia Waridi amwambie Isidore atafute mvule uliokauka vizuri. Isidore akaja kesho yake na mvule. Basi kazi ikawa imeanza, na kila mtu akajikuta ndani yake.

Waridi na Mwavita walisugua masizi kwa mchanga na maji, wakawa weusi mpaka kope. Asha aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mgongo wake ukielekea kwenye cherehani ya mkwe wake, akiongoza kila kitu kwa fimbo. Alijua jina la kila ubao, maana aliwahi kuvuka nayo pamoja na Saleh. Alijua ubao upi ulilia baridi ikija, na upi uliwahi kupigwa na kiboko karibu na mdomo wa mto Mutambala. Pamba ya kuzibia nyufa ilitoka katika shamba lao wenyewe, konzi moja kila jioni, ikifichwa chini ya majani ya mihogo kwa sababu pamba yote, kwa amri ya serikali, ilitakiwa ipelekwe kwenye mizani. Mwavita aliisokota kwenye paja lake ikawa kamba ndefu, akaichovya katika mawese na utomvu, na Isidore akaipigilia kwenye nyufa kwa patasi butu, tok, tok, tok, siku nzima. Sauti hiyo ilienda sambamba na mguu wa Assani kwenye cherehani. Mara nyingine sauti hizo mbili zilikutana pigo kwa pigo, na Assani akasahau ni ipi inayoongoza ipi.

Siku hizo zilikuwa na usingizi ndani yake. Mvua zilikuja mchana, zikaondoka, ardhi ikatoa mvuke, na mashua ikaonekana kama inaelea juu ya ukungu pale pale uani. Waridi alianika nguo kwenye ukingo wake. Chakula cha jioni Waridi na Mwavita walianza kukila ndani yake, bila kujua ni nani aliyeanzisha. Hata kuongea kwao kulibadilika. Mtu alianza sentensi, akaiacha njiani, na hakuna aliyeiulizia.

Alasiri moja Assani alikwenda kupeleka suruali za mteja, hakumkuta, akarudi mapema. Kutoka kwenye uzio wa miyaa alimwona mama mkwe wake ndani ya mashua, peke yake, ameketi nyuma kabisa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika hewa, mahali ambapo mkono wa usukani ungekuwa. Macho yalikuwa yamefumbwa. Na mwili wake uliyumba, kidogo, kulia na kushoto, ingawa mashua ilikuwa imetulia kabisa juu ya magogo.

Assani hakuwahi kumtazama kwa muda mrefu hivyo. Akaona kuwa amezeeka, na kuwa ni mdogo wa umbo kuliko sauti yake. Kisha aibu ikamkamata. Akarudi nyuma mpaka barabarani, akakohoa kikohozi kirefu cha uongo, akaingia akitazama miguu yake. Mashua ilikuwa tupu.

Ilipofika zamu ya kuijaribu, Isidore alisema ijazwe maji kwa ndani, ili mbao zinywe, zivimbe, na palipo na tundu paonekane. Hawakuchota. Mvua ya usiku iliifanya kazi hiyo, na asubuhi wakaamka wakaikuta imejaa hadi ubao wa pili, imetulia, na mbingu yote imo ndani yake: mawingu, milima, na ndege mmoja aliyepita polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Chini maji yalidondoka sehemu kumi na saba. Mwavita akapita akitia alama ya mkaa kila penye tone.

Assani alisimama kando. Alitazama huku na huku. Mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba. Akakunja suruali, akapanda juu ya gogo, akaingiza mguu mmoja katika maji ya mashua. Yalikuwa ya baridi na yalimfika chini ya goti. Mawingu yakavunjika, yakarudi, yakajipanga upya kuuzunguka mguu wake.

"Baba," Mwavita alisema kutoka chini ya mashua, bila kuinuka, "mbona hapa inadondoka zaidi?"

"Endelea kuweka alama," alisema. Na hakuutoa mguu haraka.

Kisha ikabaki tanga. Hilo lilikuwa lake, hakuna aliyebisha. Katika sanduku alikuwa na majora mawili ya marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, aliyoyatunza kwa kanzu za Idi. Akayatoa. Msimu ule wanaume wengi wa mtaa walisali Idi na kanzu za mwaka uliopita, na walipomwuliza, aliwaelekeza kwa kidole kuelekea uani kwake. Asha alichora umbo la tanga mchangani kwa fimbo, pembe tatu, kisha akaondoka ili mkwe aje apime. Assani akapima, akakata, akashona siku tano, mishono miwili miwili, imenyooka kama barabara ya wazungu. Wakasimamisha mlingoti, wakalipandisha. Upepo wa ziwani ukaja. Tanga likapigapiga, likatetemeka, likatoa kelele kama bati bovu, basi.

Asha alikuwa nyuma ya mlango wake.

"Waridi, muambie bwana yako, hii iko shuka ya kitanda. Tanga iko na tumbo."

Waridi akamgeukia mumewe, akafungua kinywa.

"Nimesikia," alisema Assani, jambo ambalo hakuwahi kulisema. Akalishusha, akalikunja, akaliweka kwenye kona. Siku mbili hakuligusa. Mashua iliyopinduliwa juma la arusi yake ilimrudia kichwani kila alipolala.

Siku ya tatu Georgette, mke wa mwalimu wa shule, alikuja na gauni. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na gauni halikufunga tena. Assani alikuwa ameshona na kufumua nguo za akina mama wajawazito nusu ya maisha yake. Hakuhitaji hata kufikiri. Alipinda mshono hapa, akauachia hapa, akaufanya uende kama mwezi mchanga badala ya kwenda kama fimbo, na kitambaa kilichokuwa bapa kikaanza kuumuka mikononi mwake. Akasimamisha mguu kwenye cherehani.

"Mama mwalimu," alisema, "rudi kesho."

"Ulisema leo."

"Kesho. Unisamehe."

Akafumua tanga lote. Akalikata na kulishona upya, kila mshono umepinda zaidi kidogo kuliko jirani yake, akilijengea tumbo kama la mwanamke wa miezi saba. Jumapili wakalipandisha tena. Upepo ulipoingia, hapakuwa na kelele yoyote. Tanga lilijaa, likanyamaza, na mashua ikalia juu ya magogo, ikajisukuma mbele kiasi cha shubiri moja, kuku wakatawanyika. Isidore akavua kofia.

Mlango wa Asha ulikuwa wazi. Waridi alingoja neno la kubeba. Halikuja.

"Mama, nimuambie nini?"

"Usimuambie kitu," Asha alijibu. "Anaona mwenyewe."

Waliishusha ziwani mwanzo wa kiangazi, juu ya migomba iliyokatwa na kupangwa njiani, mtaa mzima ukisukuma na Isidore akiwaitisha. Ilipogusa maji ilitikisika mara moja, ikakaa. Ilivuja kikombe kimoja, si zaidi. Asha alisema safari ya kwanza itakuwa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kwa watu wa ukoo wake, ambao hakuwaona tangu Saleh afe. Yeye atashika usukani, Waridi na Mwavita watakuwa mbele. Assani alikuwa amekwisha kuwatakia safari njema.

"Waridi, muambie bwana yako, tanga iko mupya, inaweza kupasuka. Nani ataishona kati ya maji? Abebe sindano, apande."

Watu wote wa ufukweni walikuwa wakitazama. Assani alirudi nyuma hatua moja, na uchungu ule wa zamani ukaamka. Lakini uchungu huo huo ndio uliompandisha. Akaingia kwa kutambaa, akakaa sakafuni karibu na mlingoti, sindano na uzi katika mfuko wa shati, akajigeuza ili mgongo wake uelekee nyuma, kwa mama mkwe, kama adabu ilivyotaka.

Upepo wa mlimani, ule wa alfajiri, uliwachukua polepole. Nyuma yao Baraka ikawa ndogo, ikawa safu ya moshi mwembamba, ikawa kitu mtu anachoweza kukifunika kwa kidole gumba. Maji yalikuwa meupe kama maziwa, kisha kijani, kisha rangi isiyo na jina. Assani alishika mbao kwa mikono miwili. Tanga lilikuwa juu yake, kubwa, limejaa, na jua lilipochomoza nyuma ya Ubwari mishono yake yote ilionekana ndani ya kitambaa, kama mishipa ndani ya jani. Akaanza kuihesabu. Katikati ya kuihesabu akagundua kwamba kwa muda fulani alikuwa amesahau kuogopa.

Walikuwa katikati ya ghuba upepo wa mlimani ulipokatika, na ule wa kusini ukaja bila kubisha hodi. Mashua ikalala upande. Maji yakaruka juu ya ukingo, yakaingia. Mwavita alipiga kelele. Waridi alikuwa ameinama mbele akichota maji kwa kibuyu, tanga likiwa kati yake na mama yake. Kamba iliyolishikilia tanga ilikuwa imefungwa kwenye kigingi, kando kabisa ya bega la Assani.

"Waridi!" Asha aliita. "Muambie bwana yako alegeze kamba!"

Upepo uliyachukua maneno.

"Waridi! Muambie!"

Waridi hakusikia. Ukingo ukashuka mpaka ukawa sawa na maji, na Assani, aliyesikia vizuri sana, alikuwa ameganda, mikono kwenye mbao, miaka kumi na minane ya kungoja neno lirudiwe imemfunga kuliko hofu.

"Assani!" Asha alipaza sauti. "Assani, fungua kamba!"

Mkono wake ulifanya kazi kabla yeye hajaelewa. Kamba ikafyatuka, ikaunguza kiganja, tanga likamwaga upepo wote, na mashua ikainuka, ikayumba mara tatu, ikasimama. Kisha, kana kwamba upepo ulikuwa umekuja kwa ajili ya jambo hilo moja tu, ukaondoka.

Kimya kikaja juu ya ghuba yote. Maji yakawa laini kama mafuta. Tanga likaning'inia. Assani aligeuka kutazama nyuma, bila kufikiri, na macho yao yakakutana. Asha akavuta kitenge chake kujifunika uso, akakishika hapo, kisha, polepole, akakiachia.

"Jina nimeshalitaja," alisema. "Halitarudi mu kinywa."

"Hapana, mama."

"Mukono iko nayo damu?"

"Kidogo."

"Utie mu maji."

Akautia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu juu na baridi chini, na vidole vyake vilionekana mpaka kucha, vyeupe, vikubwa. Chini ya vidole hapakuwa na kitu, mwanga tu uliokwenda chini na chini. Hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Ilikuwa kama saa ile baada ya usingizi wa mchana, ambapo mtu huweza kusema neno bila kuliogopa.

"Mama," Assani alisema, "ulipindua mashua juma nilipooa. Kwa nini?"

Waridi akaacha kuchota.

"We ulifikiri kwa nini?" Asha aliuliza.

"Nilifikiri ni juu yangu. Kwamba hakuna mwanaume wa kuipeleka."

"Ilikuwa juu yako, kweli." Alishika mkono wa usukani ingawa hapakuwa na pa kwenda. "Siku ulikuya kuposa, nilikuona. Ulitangulia batu bako, ukashuka peke yako ku maji. Ukavua viatu. Ukasimama mu maji, hapa ku vifundo, na ulikuwa unatetemeka sawa mutoto. Na macho iko ku mashua ya Saleh. Nikasema mu roho: huyu atapanda. Juu ya kutufurahisha, mi na Waridi, atapanda. Na maji haijui. Mwezi moja, Waridi iko mujane. Njo nikaita batu bayipindue. Mashua ikiwa paa, haiui mutu."

Assani alitazama vifundo vyake. Alikumbuka siku ile. Alikumbuka ubaridi wa maji kwenye vifundo, na jinsi alivyodhani hakuna anayemwona. Ni kweli kwamba alikuwa amejiapiza, pale pale, kujifunza mashua ile.

"Ungeniambia," alisema mwishowe.

"Na kinywa gani? Uko mukwe."

"Mungeniambia mi!" Waridi alisema kutoka mbele, sauti yake ikiwa kati ya hasira na kicheko. "Mi njo nilibebaka maneno yenu yote. Chumvi, mvua, kuku, mbuzi. Hii moja ilikuwa nzito sana?"

"Ilikuwa nzito," Asha alisema. "Haikuwa ya kubebesha mutoto."

"Na leo kwa nini umenipandisha?" Assani aliuliza.

Asha alitazama juu, kwenye tanga lililolala. "Ulilishona mara mbili," alisema. "Mutu mwenye anafumua kazi yake mwenyewe, mi naweza kupanda naye."

Walikaa hivyo, labda saa moja, labda mbili. Mwavita alilala, kichwa chake kwenye paja la mama yake. Wingu lilipita chini yao, ndani ya maji, na walilitazama likipita. Kisha pumzi ndogo ikagusa shavu la Assani, tanga likajaza tumbo lake taratibu, na Asha akasema, "Vuta kamba kidogo. Zaidi. Basi," naye akavuta, zaidi, basi, mpaka Ubwari.

Ufuko wa kule ulikuwa na maji ya kina kifupi. Mashua ilikwama mchangani hatua sitini kutoka nchi kavu, na watu wa ukoo wakatoka majumbani wakipiga vigelegele. Vijana wawili waliingia majini kuja kumbeba bibi yao, maana magoti ya Asha yalikuwa mabovu.

"Hapana," Asha aliwaambia. "Iko mutu hapa." Akamgeukia Assani. "Shuka. Inama."

Vigelegele vikakatika. Mwanamke mmoja ufukweni alijiziba kinywa kwa kiganja. Assani aliteremka, maji yakamfika mapajani, mchanga ukasogea chini ya nyayo zake kama kitu kilicho hai. Akainama. Mama mkwe wake akaweka mikono shingoni mwake, akapanda mgongoni; hakuwa mzito kuliko mzigo wa nguo za wiki moja. Akapiga hatua ya kwanza, akatazama chini, akayumba.

"Usiangalie maji," Asha alisema karibu na sikio lake. "Angalia ile nyumba ya mulango nyekundu. Twende."

Akautazama mlango mwekundu. Ukaja polepole, ukawa mkubwa.

Walikaa Ubwari siku nne. Wenye mashua wa pale walilishika tanga kati ya vidole vyao, wakalinusa, wakauliza limetoka wapi, na kabla hajarudi Assani alikuwa ameombwa mengine matatu. Mwaka uliofuata alishona ya watu wa Nundu, na ya wavuvi wa kusini ambao hakujua hata majina ya vijiji vyao. Kuogelea hakujifunza kamwe. Mashua iliendelea kuvuka ghuba, mara nyingi Waridi akiwa kwenye usukani, na Mwavita aliolewa ng'ambo ile ile, akapelekwa nayo. Asha aliishi miaka mitatu zaidi. Majirani walilalamika kwamba bibi yule alikuwa hamwachi mkwe wake apumue: tangu alfajiri utamsikia akimwita, Assani hiki, Assani kile, na yule bwana anajibu kila mara kutoka kwenye cherehani, "Nakuya, mama, nakuya," bila kusimamisha mguu.